Kutoka Kitabuni hadi Barazani: Uhakiki wa Kijiji cha M. N. Srinivas na Njia ya Elimujamii ya Wahindi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki kitabu kimoja, nacho ni The Remembered Village cha mwanaelimujamii wa Kihindi M. N. Srinivas, kilichochapishwa mwaka 1976. Kwa Kiswahili tungeweza kukiita Kijiji Kilichokumbukwa. Msomaji ana haki ya kuuliza: jarida la wanafunzi na walimu wa Kiswahili lina haja gani na kijiji kimoja cha kusini mwa India? Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, elimujamii, au sosholojia kama wengine waiitavyo, iliingia India chini ya utawala wa kikoloni kama ilivyoingia kwetu, na wasomi wa Kihindi walitutangulia kujiuliza namna ya kuifanya iwe yao. Pili, swali hilo lilikuwa kwa kiasi kikubwa swali la maneno: nani analipa jambo jina, kwa lugha gani, na akiwa ameketi wapi. Hilo ni swali la mwanaisimu pia.

Dai letu tutalitaja tangu sasa ili msomaji aweze kulipima hatua kwa hatua. Srinivas aliitoa elimujamii ya Wahindi kitabuni akaipeleka kijijini, na kwa tendo hilo wote waliomfuata wana deni kwake. Lakini kule kijijini aliikalisha barazani kwa mkuu wa kijiji. Istilahi alizotuachia, ambazo zimetumiwa na vizazi vya wanafunzi, bado zinaonyesha mahali pale alipoketi.

2. Taaluma iliyoanzia juu

Kabla ya kuwako idara za elimujamii katika vyuo vikuu vya India, kulikuwako sensa. Serikali ya Kiingereza iliwahesabu watu kwa jati zao, na katika sensa ya mwaka 1901, iliyosimamiwa na Herbert Risley, ilijaribu hata kuzipanga jati kwa daraja za heshima, ipi juu na ipi chini. Vyama vya jati vikaanza kuiandikia serikali vikidai vipandishwe daraja. Jambo lililokuwa likibishaniwa mahali pake na kubadilika polepole likaingia katika daftari la dola.

Neno lenyewe walilotumia Waingereza, caste, asili yake ni casta la Kireno. Neno hilo la kigeni lilifunika mambo mawili ambayo Wahindi huyatofautisha: varna, yaani zile daraja nne za maandiko ya Kisanskriti, na jati, yaani kundi halisi ambalo mtu huzaliwa ndani yake, huoa ndani yake na hufa akiwa ndani yake. Varna ni nne tu. Jati ni maelfu. Anayesoma maandiko huiona varna; anayeishi kijijini hukutana na jati kila siku, kisimani na kwenye karamu.

Elimujamii ya vyuo vikuu ilianza katika hali hiyo. Chuo Kikuu cha Bombay kilianzisha idara mwaka 1919 chini ya Mskoti Patrick Geddes. Mwaka 1924 idara hiyo ilishikwa na G. S. Ghurye, msomi wa Kisanskriti aliyekuwa amesoma Cambridge kwa W. H. R. Rivers. Mjini Lucknow taaluma hiyo ilianza mwaka 1921 ikiwa pamoja na uchumi, chini ya Radhakamal Mukerjee. Hapo hapo Lucknow alifundisha D. P. Mukerji, ambaye mwaka 1955, akiwahutubia wanaelimujamii wenzake, alisisitiza kwamba mwanaelimujamii wa Kihindi hana budi kuzijua mila na lugha za watu wake kabla ya kuazima nadharia za wengine.

Ghurye ndiye mwalimu wa karibu kizazi kizima. Kitabu chake cha mwaka 1932, Caste and Race in India, kilionyesha kwamba vipimo vya miili alivyovitegemea Risley havikuweza kubeba nadharia ya mbari kwa India nzima. Hiyo ilikuwa hatua kubwa ya msomi wa nchi iliyotawaliwa kumsahihisha mtawala kwa ushahidi wa mtawala mwenyewe. Hata hivyo, Ghurye alipoeleza asili ya mambo alirudi maktabani, kwenye maandiko ya Kisanskriti. Alipoandika mwaka 1943 juu ya watu wa misituni na milimani, ambao serikali iliwaita wenyeji asilia, aliwaona kuwa ni Wahindu waliobaki nyuma. Tunaona hapa kwamba kumpinga mkoloni si sawa na kusikiliza sauti ya aliye chini. Mtu anaweza kulifanya la kwanza bila la pili.

3. Moto na kumbukumbu

Srinivas, aliyezaliwa Mysore mwaka 1916 katika ukoo wa Wabrahmani, alikuwa mwanafunzi wa Ghurye huko Bombay. Baadaye alikwenda Oxford, akasoma kwa A. R. Radcliffe-Brown na kisha E. E. Evans-Pritchard. Mwaka 1948 alikwenda kuishi katika kijiji alichokipa jina la kubuni, Rampura, katika nchi ya Mysore, karibu na mahali ilipotoka jamaa yake mwenyewe. Alirudi huko tena mwaka 1952. Katika mwaka huohuo wa 1952 kilitoka kitabu chake juu ya Wakodava, ambao Waingereza waliwaita Coorgs. Mwaka 1959 alianzisha idara ya elimujamii katika Chuo Kikuu cha Delhi.

Tarehe 24 Aprili 1970 Srinivas alikuwa Stanford, Marekani, akijiandaa kuandika kitabu kikubwa juu ya Rampura. Siku hiyo watu walikitia moto kituo alichokuwa akifanyia kazi. Nakala zote tatu za maandishi yake juu ya kijiji, alizokuwa amezitengeneza kwa miaka mingi, ziliungua. Mwanaanthropolojia Sol Tax alimshauri aandike kwa kumbukumbu. Srinivas alikubali, na hicho ndicho kitabu tunachokihakiki.

Kutokana na msiba huo kilipatikana kitabu cha namna ya pekee. Hakina majedwali wala hesabu nyingi. Kina watu, mashamba, ng'ombe, ugomvi wa mipaka, harusi na siku ya kuagana. Mwandishi hajifichi, nasi tunajua alilala wapi, alichoka lini na nani alimuudhi. Katika nyakati ambapo vitabu vya taaluma hii viliandikwa kana kwamba hakuna mtu aliyeviandika, ujasiri huo si mdogo. Mwaka 1978 jarida la Contributions to Indian Sociology lilitenga toleo zima kukijadili, na kitabu cha kukumbuka kikahesabiwa kuwa kitabu cha elimu.

Lakini ni lazima mhakiki aulize: moto ulipoondoa karatasi, ni nani waliobaki katika kumbukumbu? Hapa ndipo kitabu kinapotupa ushahidi ambao mwandishi hakukusudia kuutoa.

4. Barazani kwa mkuu wa kijiji

Rampura, Srinivas alikaa katika nyumba ya mkuu wa kijiji iliyojulikana kama Nyumba ya Ng'ombe. Hapo palikuwa na baraza, na barazani walipita wenye mashamba, wadai na wadaiwa, wagomvi na wasuluhishi. Mtafiti angetaka nini zaidi? Mambo yalimjia yeye mwenyewe. Lakini yale ambayo hayakuruhusiwa kufika barazani hayakumjia.

Sura moja ya kitabu imetengwa kwa watu watatu muhimu: mkuu wa kijiji, Nadu Gowda na Kulle Gowda. Ni sura nzuri kuliko zote. Watu hao wanasimama mbele ya msomaji wakiwa na tabia zao, hila zao na hekima yao. Wote watatu ni wa jati moja, Okkaliga, jati ya wakulima wenye ardhi. Hakuna sura kama hiyo juu ya mtu yeyote kati ya Wasioguswa, ingawa ndio walioyalima mashamba ya hao wengine. Wasioguswa wamo kitabuni, lakini wamo kama kundi, au kama watumishi wanaopita.

Si haki kusema kwamba Srinivas hakuliona jambo hilo. Aliliona na kuliandika. Alikiri kwamba aliishi kijijini akiwa Mbrahmani, kwamba wenyeji walimtarajia ashike mwenendo wa Mbrahmani, na kwamba hakukaa vya kutosha na maskini na Wasioguswa. Wala si yeye peke yake. André Béteille, aliyefanya utafiti katika nchi ya Tanjore mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kutoa kitabu cha Caste, Class, and Power mwaka 1965, naye alikaa katika mtaa wa Wabrahmani, ingawa hakuwa Mbrahmani. Kijiji chenyewe humpangia mgeni mahali pa kulala, na msomi mgeni hulazwa juu.

Hoja yetu basi si kumlaumu mtu. Hoja ni kwamba ungamo la mwandishi limo katika utangulizi, lakini halikuzigeuza dhana zake. Aliungama kama mtu, kisha akaendelea kutoa istilahi kana kwamba baraza lile lilikuwa uwanja mzima. Tuziangalie istilahi hizo.

5. Majina na mahali pa kuketi

Srinivas aliipa elimujamii maneno ambayo yametoka vyuoni yakaingia magazetini. La kwanza ni jati tawala, alilolieleza kikamilifu mwaka 1959. Jati tawala ni ile yenye watu wengi, ardhi nyingi na nguvu ya kisiasa, isiyokuwa chini mno katika daraja za kidini. Thamani ya dhana hii ni kubwa. Maandiko yalisema Mbrahmani yuko juu. Rampura ilionyesha kwamba Mbrahmani anaweza kuheshimiwa huku mkulima mwenye ardhi ndiye anayeamua. Tangu 1955 Srinivas alikwisha kuonyesha jinsi mtu mwenye wafuasi kijijini anavyogeuka kuwa akiba ya kura kwa wanasiasa. Mambo hayo yasingeonekana kamwe kutoka maktabani.

La pili, lenye sifa zaidi, ni usanskritishaji. Kwa neno hili, lililoenea kutokana na kitabu chake cha mwaka 1952, alieleza jinsi jati ya chini inavyoacha nyama na pombe, inavyoshika ibada na desturi za jati za juu, na baada ya kizazi kimoja au viwili hudai daraja ya juu zaidi. Hapa pia kulikuwa na ushindi. Wageni walidhani mpango wa jati umekufa ganzi tangu kale. Srinivas alionyesha kwamba ndani yake watu wanasukumana. Aliona hata jinsi daraja za sensa zilivyouchochea msukumano huo.

Lakini tulipime neno lenyewe. Tendo linafanywa na watu wa chini, katika lugha zao za Kikannada, Kitamil au Kitelugu. Jina la tendo limetolewa kutoka Kisanskriti, lugha ya wasomi na makuhani, ambayo wengi wa watendaji hao walikatazwa kwa karne nyingi kujifunza. Linatuambia wanaelekea wapi kwa macho ya yule aliye juu, bila kutuambia wanatoka katika dhiki gani. Aidha, Srinivas mwenyewe alitambua kwamba njia hii ilikuwa imefungwa kwa Wasioguswa, ambao waliacha nyama lakini hawakuachiwa kisima. Ikiwa ngazi haifikiwi na wale walio chini kabisa, je, ngazi hiyo ndiyo inayoueleza mpango mzima?

La tatu ni jambo dogo ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Katika Kiingereza cha kitabu hiki jina la Okkaliga limetafsiriwa kwa neno lenye maana ya mkulima, na majina mengine kadhalika yamefanywa kuwa mchungaji, mhunzi na kadhalika. Nia ni njema: kumsaidia msomaji mgeni. Lakini tafsiri hiyo inaifanya jati ifanane na kazi, na kijiji kifanane na karakana ambamo kila mmoja ana zana yake. Msomaji anasahau kwamba Msioguswa naye alilima, tena alilima zaidi kuliko wengi, wala hakuitwa Mkulima.

6. Makala ya mwaka 1916

Katika mwaka ule ule aliozaliwa Srinivas, tarehe 9 Mei 1916, mwanafunzi mmoja wa Kihindi alisoma makala mbele ya semina ya anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Jina lake B. R. Ambedkar, wa jati ya Mahar, iliyohesabiwa miongoni mwa Wasioguswa. Makala hayo, Castes in India, yalichapishwa mwaka 1917. Ambedkar aliuliza jati ni nini hasa, akajibu kwamba kiini chake ni kuoana ndani ya kundi na kukataza kuoa nje. Kisha alionyesha gharama ya sheria hiyo na nani huilipa: mjane kuchomwa pamoja na mumewe, mjane kukatazwa kuolewa tena, na binti kuozwa akiwa mtoto, zote zikiwa ni njia za kusawazisha idadi ya wanaume na wanawake ndani ya kundi lililojifunga. Wabrahmani, alidai, walijifunga kwanza. Wengine waliwaiga, na kwa hoja hiyo ya kuiga alimtegemea Mfaransa Gabriel Tarde.

Tazama basi: hoja ya kuiga walio juu ilikwisha kutolewa miaka thelathini na sita kabla ya kitabu juu ya Wakodava. Hatusemi kwamba Srinivas aliichukua. Tunasema kwamba hoja mbili zinazofanana zimeandikwa kutoka sehemu mbili za kijiji. Srinivas alitazama ngazi, akauliza watu hupandaje. Ambedkar alitazama mlango, akauliza nani aliufunga na nani aliachwa nje. Mwaka 1936, katika Annihilation of Caste, aliongeza hoja inayozigusa moja kwa moja zile tafsiri za majina: kwamba jati haigawanyi kazi tu, bali inawagawanya wafanyakazi wenyewe na kuwapanga mmoja juu ya mwingine.

Kwa miongo mingi idara za elimujamii za India zilimhesabu Ambedkar kuwa mwanasiasa na mwanasheria, mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba, si mwenzao katika taaluma. Historia iliyosimuliwa kwa wanafunzi ilitoka Geddes ikaenda Ghurye, ikatoka Ghurye ikaenda Srinivas. Ni historia ya kweli, lakini ni ya wale waliokuwa na viti. Kijiji kilichokumbukwa kina wenzake waliosahauliwa, na taaluma iliyokumbukwa kadhalika.

7. Somo kwa Kiswahili: tabaka au jati?

Tufikie sasa jambo linalotuhusu sisi. Kamusi nyingi na walimu wengi hutafsiri caste kwa neno tabaka. Neno hilo, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kwanza ya kitu kilicholala juu ya kingine, limetumika sana katika maandishi ya siasa ya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960 kwa maana ya kundi la kiuchumi. Jaribu basi kukitafsiri kitabu cha Béteille tulichokitaja: kitaitwa Tabaka, Tabaka na Mamlaka. Hoja yake yote, kwamba jati, hali ya kiuchumi na mamlaka zilikuwa zimeshikamana kijijini na sasa zimeanza kuachana, inapotea kwenye jalada kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza.

Tunapendekeza kwamba katika maandishi yetu tabaka libaki kwa maana ya kiuchumi, na kwa jambo la Kihindi tutumie jati, neno ambalo wenyewe wanalitumia. Mwalimu awakumbushe wanafunzi kwamba halina uhusiano na jadi letu, ingawa masikio yanaweza kudanganyika. Faida yake si ya usahihi tu. Anayesema jati analazimika kueleza. Anayesema tabaka hudhani amekwisha kueleza.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Katika Kongo ya Wabelgiji, kuanzia mwaka 1948, walitolewa vyeti watu walioitwa kwa Kifaransa évolués, yaani waliokwisha kuendelea. Jati na cheti hicho si jambo moja, wala hatutaki kulinganisha visivyolingana. Lakini jina lile nalo lilitaja kupanda kwa watu kwa kipimo cha aliye juu ya ngazi. Wanahistoria wetu wanapolitumia bila kulihoji, nao wameketi barazani.

8. Hitimisho

Tumesema kwamba kitabu hiki ni kizuri, na hatubadili kauli. Srinivas, aliyefariki mwaka 1999, aliwafundisha wanafunzi wake kuutilia shaka mtazamo wa kitabuni na kuutafuta ule wa uwanjani. Tulichoongeza ni kwamba uwanja wenyewe una juu na chini. Kwenda kijijini ni nusu ya safari.

Wasomi wa Kihindi wametuonyesha pia njia nyingine ya kuifanya taaluma iwe ya nyumbani. Irawati Karve, naye mwanafunzi wa Ghurye, aliandika kwa Kiingereza kitabu chake kikubwa juu ya ujamaa wa nasaba mwaka 1953. Lakini alipoandika Yuganta, uchunguzi wake juu ya watu wa Mahabharata, aliandika kwa Kimarathi, na kitabu hicho kilipata tuzo ya chuo cha fasihi cha taifa mwaka 1968. Hakuona kwamba lugha ya mama ilikuwa ndogo kwa fikra za taaluma. Sisi tunaoandika jarida hili kwa Kiswahili tunaweza kujifariji kwa mfano huo, na pia kujitahini kwa mfano huo.

Wanafunzi wetu huenda vijijini wakati wa likizo kukusanya methali, msamiati na hadithi. Kwanza humwendea mkuu wa kijiji, kama adabu inavyotaka, naye huwapa mahali pa kulala na wazee wa kuwasimulia. Hatuwashauri waivunje adabu hiyo. Tunawaomba mambo mawili tu. Waandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari, si katika utangulizi wa mwisho, walilala kwa nani. Na siku moja kabla ya kuondoka, wafike nyumba ile ya mwisho mwa kijiji ambayo hakuna aliyewatajia, wakaulize methali zile zile husemwaje huko.